Beseni la Pili

Mume wangu alirudi kutoka semina na chupa ya soda ambayo hakuimaliza na neno moja jipya: kukua. Biashara isiyokua, alisema, inakufa. Nilimwuliza kama na yeye, aliyeacha kukua zamani, niite watu tumzike. Alicheka, maana mwanaume huyu hajui kununa, na ndiyo sababu nimekaa naye. Lakini kesho yake aliniletea beseni la pili la nyanya.

Nauza nyanya za mashamba ya Nkungu karibu na daraja la mpaka la Rusizi ya Kwanza, pale wapagazi wanapopita na mizigo kichwani tangu asubuhi. Nilizaliwa ng'ambo, Bukavu, kama wengi wetu tuliorudi Rwanda, na Kiswahili cha kule bado kiko mdomoni mwangu. Jirani yangu wa biashara ni mama wa Bukavu. Asubuhi huvuka na chupa za mafuta ya mawese, jioni hurudi kwake. Amenizidi umri kidogo, ana maneno mengi, na akicheka hucheka kwa mabega. Nampenda sana, hata siku anaponichokoza mbele ya wateja.

Akina mama wa pale tuna desturi yetu. Anayemaliza kuuza kwanza haondoki. Anahamia kwa mwenzake, anaita wateja, anauza mali isiyo yake mpaka iishe, kisha wote wawili wanahamia kwa wa tatu. Hatutawanyiki hadi kila chombo kiwe kitupu. Kwa kuwa kila mmoja alileta kiasi cha siku, tulikuwa tunamaliza jua likiwa bado juu, tunakaa kidogo, tunawasengenya waume zetu, tunaagana.

Beseni la pili liliharibu utaratibu huo. Sasa wa mwisho nilikuwa mimi, kila siku. Wenzangu walikuja kwangu wakapaza sauti kwa wapita njia, "Papa, kuya uone tomati!" Nyanya ziliisha, lakini na jua nalo lilikuwa limeisha. Nyumbani mume wangu alipiga makofi: tunakua! Na ni kweli, tulikuwa tunauza zaidi. Nilinunua mapazia. Nilikuwa nachoka hadi nasinzia na kijiko mkononi.

Jirani yangu naye akaacha kucheka kwa mabega. Nilidhani mawese hayatoki vizuri. Siku moja alimaliza, akafunga chupa zake tupu kwenye kitenge, akatazama upande wa daraja, halafu akaja kukaa kwangu kama kawaida. Nikamwuliza ana nini.

"Mama yangu haonake tena," alisema. "Anakulaka tu mu mukono yangu. Batoto bakimupa, anakatala. Nikichelewa, namukutaka amelala njaa."

Hasira ilinipanda, sijui kwa nani. "Maman, sasa unafanya nini hapa? Si uende!"

"Niende, nikuache na tomati? Weye uliniachaka siku gani?"

Nilifunika beseni la pili, nikajitwisha likiwa limejaa vilevile, na kwa mkono uliobaki nikamsukuma mgongoni hadi karibu na daraja, yeye akinitukana kwa Kimashi, lugha ya kwao, njia nzima. Alipovuka, niligeuka kurudi nyumbani. Nililia njiani bila aibu.

Mume wangu aliona nyanya zote zile, akafungua mdomo. Nilimwahi. Nilimwambia mapazia yetu yamenunuliwa kwa chakula cha bibi kipofu. Akainama kuchagua nyanya zilizoanza kulainika ili tupike.

Siku iliyofuata nilitoka na beseni moja. Nilimaliza kwanza, nikahamia kwenye mawese ya jirani yangu, nikawaita wateja kwa kelele hadi akaniambia nimewatisha. Alivuka jua likimpiga usoni. Usiku ule nilimwaza yule bibi ambaye sijawahi kumwona.

Asubuhi nilimngojea jirani yangu kama mtu anayengojea matokeo ya mtihani. Hakuwa hata ametua mzigo nikamwuliza, "Alikula?"

"Alikula," akasema, na mabega yakaanza kutikisika. "Alikula yote, kisha akanigombeza, asema sombe nilimupikia, ile mboga ya majani ya muhogo, haina chumvi."

Tulicheka hadi mteja aliyekuwa anasubiri akaenda kununua kwingine, na hakuna aliyemwita arudi.