Mkato wa Nne kwenye Kisu cha Mzee Ildefonce

"Mwanadamu anaweza kukosa baba, lakini ndani ya boksi langu hakuna kisu kisichojua kwao."

Maneno hayo Privatus aliyatoa kwenye maikrofoni ya parokia, Rulenge, siku ya maonyesho ya vitu vya zamani, akiwa ndani ya koti la harusi yake ambalo lilishagoma kufunga vifungo miaka mingi. Watu walicheka, wakampigia makofi. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, visu vya kukunja vilimetameta kama meno ya bandia.

Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kama wenzake, ila wenzake wakienda msibani kulia, yeye alikwenda kuulizia kisu cha marehemu. Alikipata kwa jogoo, kwa mche wa sabuni, kwa kumlimia mjane. Akishakitia mkononi, anakisomea ukoo: mwenyewe alikuwa mjukuu wa nani, alioa wapi, kilivuka mpaka wa Rusumo mfukoni mwa nani. Na pale ukoo ulipokatika, alitia chumvi. Kisu cha babu yake Thobias, ambacho kijiji kizima kilikiona kikimenya ndizi, kwa mdomo wa Privatus kilikuwa kimeua chui.

"Huyo chui angekuwa na ndugu," alisema mkewe, Scholastika, "wangeshatushitaki."

Kisu kimoja tu hakukiulizia. Kilikuja chenyewe, mkononi mwa Mzee Ildefonce, mzee aliyekuwa tayari anapumua kwa awamu.

"Nakuachia wewe, si wanangu," alisema. Kwenye mpini wa pembe alikuwa amechora mikato, kila mtoto na wake: Aristides, Danstan, Tecla. Akaomba msumari, na palepale uani akachora wa nne. "Huyu ni Agness. Nilimzaa Biharamulo, na mama yake hakuingia nyumbani kwangu. Wenzake wanamjua, wanajifanya hawamjui. Siku ya kumaliza matanga uende nacho, wauone huo mkato."

Maana ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Matanga yakiisha, mrithi hukata nyama kwa kisu cha marehemu na kumpa kila mtoto kipande mbele ya watu. Aliyekatiwa ni mtoto wa nyumba. Asiyekatiwa ni mgeni aliyekuja kula.

Mzee alipozikwa, Privatus alifungua boksi. Akakitoa kile kisu, akakigeuza huku, akakigeuza kule. Mpini ulikuwa laini kama shavu la kichanga.

Alikaa chini. Hakuhitaji kuuliza nani aliyeifuta mikato. Jioni ile kabla ya maonyesho alikaa kwenye kigoda na kipande cha msasa, akasugua kisu kimoja baada ya kingine, mipini kwa makali, huku akiimba. Alitaka ving'ae. Viling'aa.

Akachukua msumari ajaribu kwanza kwenye kisu kingine. Mikato ikatoka myeupe, mipya, kama iliyochorwa na mwizi. Akaipaka masizi, akaipaka mafuta ya taa, akaizika kwenye majivu ya jiko. Scholastika alisimama mlangoni akimtazama.

"Unataka kumzalia mzee mtoto kwa msumari?"

"Mtoto yupo, mama Happy. Nilimwona akiandikwa."

"Basi kaseme hivyo. Mdomo unao, na haujawahi kukuangusha."

Safari hii ndiyo ulikuwa unakwenda kumwangusha.

Siku ya kumaliza matanga Agness alikuwa ameshafika kutoka Biharamulo, amekaa kwenye ukingo wa mkeka, kitenge kipya, mikono mapajani. Alipomwona Privatus alipiga goti.

"Shikamoo, mzee. Baba aliniambia utakuja nacho."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, akampita na kisu chake.

Aristides, mrithi, alikipokea kisu kwa mikono miwili. Akakifungua, akakifunga. Akapitisha kidole gumba kwenye mpini.

"Mikato iko wapi?"

"Niliifuta. Nilisugua kwa msasa, sikufikiri. Ilikuwa minne, Aristides. Wa nne alichora kwangu, mbele ya macho haya."

"Mimi niliyoiona maisha yangu yote ni mitatu."

"Wa nne ni wa huyu binti. Naapa."

Kisha Danstan, akiwa bado na kata ya rubisi, pombe ya ndizi, mkononi, akauliza kwa upole kabisa, "Mzee Privatus, na yule chui?"

Ua mzima ukacheka. Privatus naye alitaka kucheka, kwa mazoea tu, mdomo ukafunguka nusu ukabaki hivyo. Alisema tena "minne". Akasema kwa sauti zaidi. Kadiri alivyosema ndivyo ilivyozidi kufanana na hadithi zake zote.

"Wewe ni mzee wetu, tunakuheshimu," alisema Aristides. "Lakini ukoo siwezi kuupanua kwa hadithi."

Akajikatia yeye. Akamkatia Danstan. Akamkatia Tecla, aliyepokea huku akitazama ardhi. Akaufuta ubao wa kukatia, akakunja kisu, akakitia mfukoni. Mama mmoja akamletea Agness sahani ya wageni, wali na nyama iliyokwisha kukatwa jikoni.

Agness hakuigusa. Alisimama, akaaga kwa adabu, akashika njia ya stendi. Privatus alimfuata mpaka akamfikia, pumzi juu.

"Kweli aliuchora?" aliuliza Agness bila kugeuka.

"Kwa mkono wake. Akasema, huyu ni Agness."

"Kwa hiyo unajua wewe."

"Najua mimi."

"Na wewe ukifa, mzee?"

Privatus alisimama. Walikuwa wamefika bucha ya karibu na stendi. Akamshika mkono, akamwambia asubiri kidogo tu, akachomoa mfukoni kisu chake mwenyewe, akamuuliza mwenye bucha nyama ya kumkatia mtoto ni bei gani.

Kilo moja ilikuwa shilingi elfu tisa.