Mananasi ya Mama Mkwe Saluni

Kosa langu lilikuwa kujisifu kwa simu. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa kuolewa, nimenunua mashine ya kusagia matunda, na nikamwambia mama mkwe wangu kwamba siku akija Bukavu nitamnywesha kitu ambacho hajawahi kuonja. Yeye anaishi kisiwani Idjwi, anakolima mananasi. Jumamosi moja akapanda boti, akaja.

Alifika mlangoni na mananasi sita ndani ya kikapu mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso. Nilimpokea, nikamletea maji. Akayakataa.

"Nimechunga kiu yangu tangu mu boti," alisema. "Leta ile yako."

Nikamenya mananasi manne, nikakata ndizi ndogo tamu, nikakamua marakuja, yaani pasheni, nikatia na kipande cha tangawizi. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, nami nilikuwa nimejipa moyo kwamba saa sita utakuwa umerudi.

"Courant haiko, maman. Tungoje kidogo."

"Tungoje mupaka saa ngapi?"

"Sijui."

Aliangalia beseni la matunda, kisha akaniangalia mimi. "Mu hii kartie yenu yote, hakuna mutu mwenye iko na courant?"

Alikuwepo mtaani. Chini yetu, mwisho wa ngazi za udongo, kuna saluni ya wanawake, na jenereta yake tulikuwa tunaisikia pale pale tulipokaa. Lakini niliona haya. Mtu anampelekaje mama mkwe wake saluni na beseni la mananasi? Kabla sijapata jibu la heshima, alikuwa amekwisha kulitia beseni kichwani na kuanza kushuka. Nikamfuata nimeikumbatia mashine, waya wake unaburuta nyuma yangu.

"Kamata mukia yake," alinipigia kelele bila kugeuka. "Utaikanyaga, utaanguka!"

Mwenye saluni alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alitusikiliza, akacheka, kisha akatikisa kichwa. Jenereta yake ilikuwa ndogo, isingeweza kuendesha mashine yangu pamoja na kofia ya kukaushia nywele. Na chini ya kofia hiyo alikuwa amekaa mteja, msichana mwenye roli za kusokotea nywele kichwa kizima, ambaye alikuwa anangojwa kwenye ndoa ya binamu yake.

Nilikuwa tayari kurudi nyumbani. Mama mkwe aliinama, akachungulia chini ya kofia.

"Mutoto wangu, unasikia kiu?"

"Sana, maman. Humu mundani iko moto kama jiko."

"Utupe dakika tano tu. Glasi ya kwanza ni ya kwako."

Msichana mwenyewe alinyoosha mkono akaizima kofia.

Mashine iliponguruma, mama mkwe alirudi nyuma hadi ukutani. Baadaye akasogea, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakiacha pale, akiusikiliza ule mtetemo huku anatabasamu. Povu la manjano lilipanda hadi juu. Chujio nilikuwa nimelisahau nyumbani, kwa hiyo tulikunywa na mbegu za marakuja, zikilia menoni. Msichana wa ndoa aliimaliza glasi yake kwa mkupuo mmoja. Mama mkwe alionja kidogo, nami nikasimama mbele yake kama mwanafunzi anayengoja alama.

"Tangawizi iko mingi," alisema. Halafu akanyoosha kikombe niongeze.

Tulisaga mara tatu. Mwenye saluni aliita jirani zake wawili, wakaja na vikombe vyao. Kofia ilipowashwa tena, alivuta kiti, akamwambia mama mkwe, "Maman, ikaa hapa. Leo nakuosha kichwa, nakusuka, bure."

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akafungua kitambaa mwenyewe. Hadi siku hiyo sikuwahi kuziona nywele zake. Zilikuwa nyeupe, laini, nyingi kuliko nilivyodhani. Maji ya vuguvugu yalipompata alifumba macho, na baada ya muda mfupi akalala, mdomo umeachama kidogo. Nilikaa kando nimeshika kitambaa chake, nikashangaa kwamba ni mtu huyu niliyekuwa namwogopa.

Tuliporudi, mume wangu alikuwa amekaa kizingitini. Alimwangalia mama yake aliyesukwa mistari myembamba inayong'aa kwa mafuta, akaniangalia mimi, akaliangalia beseni tupu.

"Na jus yangu?"

Mama mkwe alipita ndani, akarudi na mananasi mawili yaliyobaki na kisu, akamwekea mwanawe magotini. Mume wangu akaanza kumenya, naye mama yake akamsimamia.

"Unatupa nyama yote! Nani alikufundisha kumenya hivyo?"

"Ni weye, mama."

Nikacheka kwa sauti kubwa, mbele yake, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.