Mdau Mwenye Furushi

Barua ilimwita Rhonda Gouthro "mdau". Aliisoma amesimama mlangoni, theluji ikimwingia viatuni, akamwuliza binti yake kama hilo ni tusi.

"Wanasema una uzoefu wa umaskini, Mama," alisema Keltie, mwenye miaka kumi.

"Uzoefu! Ningejua ni kazi, ningeomba kupandishwa cheo."

Serikali ya jimbo ilikuwa imeamua kupunguza umaskini wa watoto kwa njia ya ushirikiano. Washirika walikuwa idara tatu, kanisa, benki, mwenye hoteli na Rhonda. Wangekutana kila Alhamisi hotelini, pale panapotazama bandari, maana umaskini hauzungumziki vizuri bila zulia.

Ilikuwa siku ya tatu Keltie haendi shule. Mama yake alikuwa akipasua samaki kiwandani, na mashine yao ya kufulia ilikuwa imekufa tangu Krismasi. Rhonda alifulia kwenye sinki na kuanika nje, nguo zikaganda hata suruali ikasimama yenyewe kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Harufu ya samaki haikuganda. Darasani walimwita Keltie "Magamba", naye akaapa harudi mpaka anukie kama watu.

Alhamisi ya kwanza Rhonda alivumilia saa nzima ya neno "dira". Akatoka kutafuta choo, akakosea mlango, akamkuta binamu yake Verna, dobi wa hoteli.

"Wee! Unafanya nini huku na nguo za kanisani?"

"Napunguza umaskini."

"Haya, ukimaliza wa kwako nipitie na mimi."

Rhonda alikwisha kuingia ndani. Alikuwa akitazama mashine, kubwa kama mafahali, moja imelala bila kazi.

Alhamisi iliyofuata alikuja na furushi, akaliweka chini ya meza, miguuni pa mtu wa benki. Walipofika nguzo ya kwanza ya mkakati, alitoka kutia sabuni. Nguzo ya tatu, alitoka kuhamishia nguo kwenye kikaushio. Keltie akarudi shule. Sisi majirani tukasikia, furushi likanenepa. Mle ndani mlikuwa na mashuka yangu pia. Mwenyekiti, bwana mpole kutoka makao makuu, alimsifu mbele ya wote: hakuna mdau asiyekosa vikao kama Bi Gouthro.

Kikao cha tisa kililetewa keki. Mwenyekiti akatangaza kwamba ripoti imekamilika na kamati inafungwa. Kila mshirika aseme alichofanikisha. Benki ilijenga maelewano. Idara zilioanisha mifumo. Rhonda alikuwa na nguo kwenye maji, na hakuwa na Alhamisi nyingine.

"Mizigo arobaini na moja," alisema.

"Ya nini, Bi Gouthro?"

"Ya nguo. Kwenye mashine za huyu." Alimwonyesha kwa uma mwenye hoteli, Leo Burchell. "Verna hana kosa, mimi ndiye niliyemlazimisha. Watoto kumi na mmoja wanakwenda shule wakiwa safi. Mkifunga leo, Jumatatu wangu habanduki kitandani. Kwa hiyo napinga. Tukae miaka kumi, nitaongea dira mpaka mnitapike."

Nyuma ya ukuta mashine ilianza kukamua, vikombe vikatetemeka.

"Kumbe ndiyo maana sabuni yangu..." alianza Leo.

"Sabuni ni yangu!"

"Basi maji."

"Maji ni ya Mungu, Leo. Usinitolee macho. Mama yako alikuwa akiazima beseni letu kila Jumamosi, na wewe uchi mlangoni ukingoja kaptura ikauke."

Mtu wa benki alipaliwa na keki. Leo alijifuta shingo, akatazama dirishani, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyekamatwa.

"Kuna moja nilitaka kuibadilisha," alisema. "Inapiga kelele, lakini inafua. Shule ikiitaka, ni yao."

Afisa wa elimu alifungua ripoti, akapekua. "Tatizo ni kujua tuiweke chini ya nguzo ipi."

"Chini ya ngazi," alisema Rhonda, "karibu na bomba."

Wanaume wanne waliishusha Jumamosi wakitukana mpaka mlangoni mwa shule. Jumatatu Keltie aliondoka nyumbani kabla mama yake hajaamka, furushi kichwani, awahi zamu ya kwanza ya mashine.