Genoveva, Maharage na Tanuri la Gasper

Eliakimu ni mwanaume mwenye mipango, na mke akishaolewa na mipango, kupumzika asahau. Alifuga sungura, wakahamia kwa jirani. Akanunua nusu ya injini ya boti, na mpaka leo hajui nusu ya pili iko wapi. Novemba iliyopita akaja na mpango wa tofali.

Shamba lenyewe liko kwenye mteremko wa nyuma ya Kibirizi, ufukwe wa wavuvi wa dagaa, alilorithi kwa baba yake. Alimleta Gasper, fundi wa tofali za kuchoma, ambaye alipiga jembe mara mbili, akauviringisha udongo mwekundu kiganjani kama tonge la ugali, akasema hapo hakosi tanuri nne. Eliakimu alirudi nyumbani Rusimbi anapiga mluzi.

Mkewe Genoveva, mama Asnath, alikataa. Ni kweli shamba lilikuwa hoi: msimu uliopita alipanda debe la maharage akavuna debe, tena la kupunja. Lakini ardhi ikishakwenda tanurini hairudi, linabaki shimo la vyura, na nyumba ile ilikula maharage ya pale siku tano kwa wiki. Eliakimu akamwuliza kama anatetea shamba au anatetea maiti.

Katika ukoo wao neno la ardhi haliishi bila dada mkubwa. Kwa hiyo akaitwa Yunisi, dada yake Eliakimu, mwanamke ambaye akiita mtu Kibirizi, wanageuka na walio majini. Yunisi aliwasikiliza wote wawili huku anachambua mchele, kisha akakata: Jumapili ya mwisho ya Februari atapanda kuangalia mwenyewe. Akikuta maharage yametoa maua shamba zima, tofali basi. Asipokuta, Jumatatu Gasper anaingia.

Genoveva hakulia wala hakusali sana. Anaanika dagaa Kibirizi mwaka wa tisa, na kila jioni hufagia vichwa, magamba na vumbi la dagaa ambavyo vinginevyo hutupwa. Bwana shamba wa kata alishasema kwenye mkutano kwamba uchafu ule ni mbolea. Alisema mengi, bwana shamba yule, yote kwa picha za ukutani, kisha akapanda pikipiki kabla ya mtu kumwonyesha shamba lolote.

Hamdani, mfanyabiashara anayemwanikia, akampa viroba sita bure. Genoveva alivipandisha mteremkoni kimoja kimoja kichwani, akamwaga kuanzia juu, vikaishia katikati ya shamba, akapanda hapo kwanza. Paka wa Kibirizi wote wakajua shamba lilipo.

Maharage yaliota vizuri. Yakatoa majani mawili, na katikati ya Desemba kingo za majani zikaanza kukauka, kahawia, kama nguo iliyounguzwa na pasi. Siku ya nne mistari mizima ililala. Genoveva alichuchumaa, akaokota udongo, akaulamba.

Ulikuwa mchuzi.

Wiki za mvua dagaa hawakauki, kwa hiyo hunyunyiziwa chumvi wasioze. Kibirizi kila mtu anajua, na Genoveva ndiye alijua kuliko wote, maana mkono ulionyunyiza ulikuwa wake. Chumvi ameishika miaka mingi mpaka haioni tena. Alishuka mbio kwa Hamdani kutafuta wa kumlaumu, na Hamdani akamtazama kwa huruma ya kuudhi.

"Mama Asnath, kopo la chumvi ulishika wewe. Mimi siku ile nilishika mwavuli."

Habari zilimfikia Eliakimu nyumbani. Alizidisha mluzi tu. Gasper naye akaanza kurundika magogo ya kuchomea tofali ukingoni mwa shamba, leo matano, kesho manane, na kila Genoveva akipanda asubuhi anakuta rundo limenenepa kuliko jana.

Alikaa siku mbili anapiga hesabu ya vidole. Shamba zima haliwezekani. Akaiacha nusu ya juu na chumvi yake, akashikilia ya chini ambako viroba vilikuwa havijafika. Akachimba mifereji ya kina cha goti, iliyobanana, kutoka ukingo hadi ukingo. Barabarani alizeti pori imejaa, yale maua ya njano ambayo hata mbuzi huyasusa. Akaikata majani na mashina laini, akayashindilia mferejini pamoja na mavi ya mbuzi aliyoyazoa kwenye mabanda ya majirani, akafunika kwa udongo. Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine.

Sasa ikabaki kungoja, na hapo ndipo palipomtesa. Majani mabichi yakizikwa huchemka, mbegu ikitiwa mapema inaiva humo humo. Bwana shamba alisema wiki mbili. Kalenda ilimpa siku kumi. Siku ya kumi Genoveva alizamisha mkono hadi kiwikoni, akautoa upesi: chini kulikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Siku ya kumi na moja, vile vile. Akipanda, zinaungua, asipopanda, maua hayawahi. Siku ya kumi na mbili joto lilikuwa kama la mwili wa mtu. Akapanda, zikiwa zimebaki siku arobaini kamili.

Yakaota. Yakawa kijani cha kutisha, ambacho mteremko ule haukuwahi kukiona, lakini ua hakuna. Wiki ya mwisho alikuwa anayafunua majani kama anayemtafuta mtoto chawa. Jumamosi jioni aliona vitumba, vimefumba.

Jumapili, baada ya ibada, walipanda wote: Yunisi mbele, Eliakimu na shati lake la sherehe, Gasper na jembe begani. Nusu ya juu ilikuwa uwanja mtupu. Ya chini walihesabu maua saba, meupe, madogo. Eliakimu aliyainamia.

"Haya ni maua au yamepiga chafya?"

Genoveva aliinama kuyahesabu tena. Neno lilikuwa shamba zima, na alilisikia mwenyewe. Yunisi alizizunguka nusu zote mbili, taratibu, kisha akamwambia Gasper apige jembe, aanze kazi yake waone.

Gasper alipiga upande wa juu, akaufinyanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akashuka chini, akapiga kwenye mfereji. Udongo ulitoka mweusi, na minyoo ikining'inia. Akaubana, ukapukutika. Akapiga tena chini zaidi, hadi kina cha goti, ukapukutika vile vile.

"Bwana Eliakimu, hapa sichomi," alisema. "Huu umejaa majani. Tofali lake litapasuka tanurini nionekane sijui kazi."

Eliakimu akataka achimbe pembeni, achimbe kule kona. Kote ilikuwa hivyo. Yunisi akamgeukia wifi yake na kumwuliza ana la kusema.

"Ya juu chukueni, dada, nimeiharibu mwenyewe," Genoveva alisema. "Ya chini isiguswe. Na majivu yote ya tanuri yawe yangu."

Eliakimu alicheka mpaka akashika magoti. "Majivu? Chukua na moshi!"

Yunisi hakucheka. Alimwamuru ayarudie maneno hayo mbele ya Gasper, polepole, na Eliakimu akayarudia. Hakuwahi kukaa mkutanoni kumsikia bwana shamba akisema kwamba udongo wao mwekundu ni mchachu, ndiyo maana maharage hayazai, na kwamba kinachoupoza ni majivu, magunia kwa magunia, ambayo mwanamke wa jiko la mafiga hawezi kuyapata hata akipika hadi uzeeni.

Tanuri la kwanza liliwashwa wiki tatu baadaye. Genoveva alikuwa ameshafika, na viroba vitupu tisa kwapani, akamwamkia Gasper kwa adabu na kumwuliza kama hawezi kuongeza kuni.