Firigisi Imemtembeza Nekesa

Leo nimemtembeza mjukuu wangu Nekesa. Niiteni daktari!

Sawa, ni uongo. Kazi imefanywa na jogoo.

Tangu apasuliwe mguu, ameogopa kukanyaga, hata daktari aliposema sasa aanze. Mama yake amembembeleza mpaka mama mwenyewe akalia.

Leo tumechinja. Firigisi ni ya mzee, mnajua. Nikaiinua juu nikimringia kutoka ng'ambo ya sebule.

"Kuka, babu yangu, usimeze!" Nekesa akapaza sauti.

Si mtoto akashika magongo, akaja mwenyewe, akaninyang'anya! Mama yake akapiga nduru mpaka majirani wakakuja mbio wakidhani nimekufa.

Mimi nimekula shingo, na bado nacheka.

Sasa wewe shemeji wa Chwele, Krismasi ulikula firigisi yangu. Lete jogoo bana. Kesho nataka Nekesa afike kwa geti.