Neno la Kumsindikiza Seneta

Paul Sebarenzi alihamia vilima vya Masisi mwaka 1941, akamwacha nyuma mtoto mmoja. Serikali ya Wabeljiji ilikuwa ikivusha familia kutoka Ruanda, ambako mashamba yalikuwa yamebanana, kuzileta Kongo, ambako ilisema ardhi ipo tele. Asubuhi ya safari Joséphine-Marie, binti yake wa miaka minne, aliamka na homa. Lori halikungoja. Nyanya yake, mzee Mukankusi, alisema atamleta mwenyewe akishapona.

Alipona baada ya wiki mbili. Lakini jina la baba lilikuwa tayari katika kitabu cha Kongo, na la mtoto limebaki katika kitabu cha Ruanda.

Nchi zote mbili zilitawaliwa na watu walewale, kwa hiyo Sebarenzi hakuelewa. Aliyemweleza, miaka baadaye, ni karani wa teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya, kijana wa kijiji cha Ntoto aitwaye Nestor.

"Papa, Kongo iko yao," Nestor alisema. "Ruanda waliwekeshewa tu. Mataifa ya dunia njo yaliwawekesha. Kila mwaka yanawauliza: ile amana yetu iko namna gani? Sasa mutoto akitoka mule bila karatasi, watajibu nini?"

"Ni mutoto wangu."

"Kwako, ndiyo. Kwa mataifa iko mutoto wa amana."

"Na miye? Miye sikutoka mulemule?"

"Weye ulitoka na karatasi. Weye ulishaisha."

Sebarenzi alicheka, kwa kuwa karani naye alicheka. Aliomba ruhusa ya kumleta binti mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa jambo liko Ulaya. Huko, watunga sheria wa Ubeljiji walikuwa wanabishana: watu waliovushwa, je, bado ni wa amana, au sasa ni wa koloni? Na kama ni wa koloni, nani aliruhusu wavushwe? Wakati wanabishana, Sebarenzi alilima. Kilima alichokaa kilikuwa cha ukoo wa Floribert, katekista Mhunde aliyejua Kifaransa cha misheni. Sebarenzi aliwapelekea mbuzi na kasiksi, pombe ya ndizi, wakapanda pamoja miti ya mpaka, na tangu hapo wakawa watu wa kuombana moto.

Kiangazi cha mwaka 1950 maseneta wawili walifika Masisi kuwauliza wahamiaji wenyewe. Bwana wa teritwari aliwapeleka kwa Sebarenzi, kwa sababu ua wake ulikuwa umefagiliwa vizuri. Emérita, mkewe, alileta kibuyu cha pombe ya mtama na mirija. Seneta mmoja, mzee mwenye fimbo, alivuta mrija bila kukunja uso. Kisha akauliza, Floribert akitafsiri: ulikuja kwa hiari yako? Una lalamiko lolote?

Kwa miaka tisa Sebarenzi alikuwa ameyapanga maneno yake kama kuni. Alimtazama mgeni, akasema, "Tuko salama. Tunafurahi mumefika."

Seneta wa pili aliandika.

Katika vilima hivyo, kwa Mhunde na kwa Mnyarwanda, mgeni aliyeketi hatwikwi mzigo. Anakunywa, anasifiwa, anaambiwa hakuna neno. Neno lenyewe linangoja mpaka anyanyuke kwenda zake. Hapo mwenyeji anamsindikiza, bega kwa bega, macho yote mbele, na kati ya ua na kijito ndipo yanaposemwa yale ya kweli: deni, ugonjwa, posa, ugomvi. Mtu akiombwa jambo ameketi anaona haya kukataa. Njiani anaweza kufikiri. Kwa hiyo Sebarenzi alishika fimbo yake, akasimama langoni.

Maseneta waliingia motokari, ikaondoka.

"Umewaambia nini?" Emérita aliuliza.

"Tuko salama."

"Na mutoto?"

"Nilikuwa nangoja njia."

"Njia imeenda na mutuka, Paul!"

Floribert alikuwa anajipangusa vumbi usoni. "Ao ulitaka kukimbia pembeni ya gurudumu?" alisema. "Wangesema Munyarwanda ameshikwa na wazimu." Lakini Emérita hakucheka, naye akaacha. "Sikia, kaka. Siku ya tano watapanda boti kule Bweremana. Kutoka barabarani mpaka ku maji, hata muzungu anatembea na miguu."

Wanaume hao wawili walitembea siku mbili, wakateremka hadi Sake, wakafuata ufuko wa ziwa. Bweremana wavuvi walikuwa wanaanika nyavu juu ya mawe meusi. Motokari ilipofika, seneta mzee alishuka, akaanza kwenda kwenye boti polepole. Zilikuwa hatua mia moja, pengine chache zaidi. Sebarenzi alikwenda kushoto kwake, Floribert kulia.

Alimweleza juu ya homa, lori, na vile vitabu viwili. Seneta alisimama ili amsikilize vizuri.

"Mwambie asisimame," Sebarenzi alimnong'oneza Floribert. "Akisimama ni kuagana."

Seneta aliambiwa, akaendelea kutembea.

"Nilikuuliza nyumbani kwako," alisema. "Ulijibu huna lalamiko. Karatasi ya majibu imeshapelekwa na posta."

"Pale ulikuwa mugeni wangu," Sebarenzi alisema. "Hapa ninakusindikiza."

Floribert alilazimika kueleza kwa maneno mengi kuliko aliyopewa. Mzee alitikisa kichwa. Kabla ya kuingia bungeni alikuwa mwanasheria, na alijibu kama mwanasheria. Nikisimama kuuliza habari ya binti yako, alisema, watanisomea maneno yako mwenyewe, na suala litafungwa. Kuyaandikia mataifa huwezi, kwa sababu ulivuka. Watu wa nchi ya amana ndio wenye haki hiyo. Binti yako hakuvuka. Haki unayoitafuta anayo yeye.

Walikuwa wamefika majini. Seneta alimpa mkono, na boti ikaondoka.

Wakipanda mlima kurudi, Floribert alisema, "Kwa hiyo wewe mwenye ndevu huna neno, na mutoto wa miaka kumi na tatu ana neno."

"Njo vile amesema."

"Basi tumutumie habari. Tusingoje tena kumusindikiza muntu."

Mchuuzi wa ng'ombe aliyekwenda Ruanda na karatasi halali alibeba ujumbe. Joséphine-Marie alikuwa anasoma kwa masista. Mwaka uliofuata wajumbe wa mataifa walipita huko kukagua amana yao, naye akawapa barua. Hakuomba msaada wa mtu kuiandika. Ilikuwa na mistari mitatu: Nilibaki kwa sababu ya homa. Homa iliisha. Naomba kwenda kwa baba yangu.

Barua ilikwenda ng'ambo, ikapewa namba, ikasomwa na watu wa nchi ambazo Sebarenzi hakuwahi kuzisikia. Jibu lilichukua miaka miwili. Serikali haikukubali kwamba binti ni wa Kongo, wala haikukana. Ilimpa ruhusa ya kuzuru, siku thelathini.

Alifika mwaka 1953, msichana wa miaka kumi na sita, mrefu kuliko mama yake. Aliwasalimu wote wawili kwa adabu, kama wazazi wa mtu mwingine. Emérita alimshika uso, akamgeuza huku na huku, akamwachia. Usiku ule hawakuzungumza mengi. Kulipokucha msichana aliomba jembe.

Siku ya thelathini alikwenda teritwari pamoja na baba yake. Nestor alifungua daftari la wageni.

"Dada, siku zako zimeisha. Inabidi niandike: amerudi."

"Nimepanda viazi, kaka."

"Viazi?"

"Vitakomaa kisha miezi mitatu. Nani atavivuna?"

Nestor alimtazama Sebarenzi, ambaye alikuwa anatazama ukuta. Alifungua kitabu cha sheria, akapitisha kidole ukurasa mmoja, kisha mwingine. Viazi havikutajwa. Nyuma yao watu watatu walikuwa wanangoja zamu, na mmoja alikwishaanza kukohoa.

"Nitaandika: mpaka mavuno," alisema.

Akaandika hivyo, akagonga muhuri. Baada ya viazi msichana alipanda maharagwe, na baada ya maharagwe, mtama. Ruhusa yake ilikuwa bado halali, kwa sababu Nestor hakuwa ameandika mavuno ya nini.