Benchi la Mtoni na Ukuta Usiojengwa

Habari niliipata Sinza, kwa fundi simu ambaye kibanda chake kinatazamana na nyumba aliyopanga marehemu kwa miaka mingi. Nilikuwa nimepita kubadilisha kioo. Fundi akaniuliza bila kuinua kichwa, "Wewe si ndiye uliyekuwaga unazunguka na yule mzee wa mazingira?" Nikamjibu ndiye. "Basi katutoka. Presha. Turubai wamelifunga jana." Nikageuka, na kweli turubai lilikuwepo, na viti vya plastiki, na wanawake wamekaa kwenye mkeka, wote nilikuwa nimewapita bila kuwaona. Watu wa mtaa walimwita mzee wa mazingira kwa sababu walishindwa kuelewa anafanya kazi gani hasa. Alitoka asubuhi na buti za shambani, akarudi jioni na tai. Hakuwa na duka, hakuwa na darasa, na ofisi yake ilikuwa ya watu wengine.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mtu akitaka kujenga sheli, ghala, au kiwanda, lazima kwanza apatikane mtaalamu wa kuangalia maji yatakwenda wapi, miti mingapi itakatwa, majirani watavuta vumbi gani. Marehemu alikuwa mmoja wa wataalamu hao. Tulikutana wakati mimi nikiwa nabeba chochote cha mtu yeyote. Shule nilikuwa nimeiacha mapema na mji nilikuwa naupima kwa miguu. Alihitaji mtu wa kumbebea kifaa cha kupimia kelele, kile chenye miguu mitatu. Kabla hatujafika barabara kuu nilikuwa nimeshamuuliza sauti inapimwaje, nani aliamua kelele gani ni nyingi, na je, adhana na kengele za kanisa nazo zinahesabiwa. Akasimama. "Bwana mdogo, umekuja kubeba au kuhoji?" Nikasema vyote viwili. Tangu siku hiyo akawa ananipigia kila anapokuwa na kazi ya kutembea, hata isiyohitaji mbebaji.

Alikuwa mtu wa kutoka juu, kule kwenye baridi, na mpaka anakufa hakuzoea joto la Dar. Alinifundisha namna wenzake wanavyofikiri, na ni rahisi kuielewa. Unaangalia mahali palivyo leo. Unajiuliza mradi utabadilisha nini. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo unayoiandika. Kama mradi haubadilishi kitu, huna cha kuandika, na unaweka maneno ambayo kila mwenye mradi anayapenda: hakuna athari kubwa kwa mazingira. "Sie tunapima kinachobadilika," alikuwa akisema, na kwa muda mrefu alisema hivyo kwa fahari.

Ikaja kazi ya Mtoni. Kulikuwa na kiwanda cha karatasi kilichofungwa zamani, na ndani ya uwanja wake kuna stoo moja ya zege. Mle stoo kumehifadhiwa vipimio vya zamani vya unene wa karatasi, na ndani ya kila kimoja kuna kipande kidogo chenye mionzi, kimefungiwa kwenye risasi, yale madini mazito. Vikiwa vimefungwa, ukipita nje huna la kuogopa. Alipima mwenyewe nikiwa nimesimama naye. Lakini ua ulikuwa wa waya uliochoka, na wenye mali walikuwa wameagizwa wajenge ukuta, waweke lango la chuma na taa, mpaka vitu vile vihamishwe. Hawakuwa tayari. Wakaomba muda, na sheria ikataka ombi nalo lipimwe: je, kuchelewesha ulinzi kutaathiri vipi mazingira? Kazi ikamwangukia yeye.

Mkutano wa wananchi ulifanyika kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kila mtu na soda yake mkononi. Marehemu akaeleza, akaomba maoni. Akainuka mzee mmoja wa kofia. "Samahani, mtaalamu. Tunaulizwa kuhusu kitu kitakachojengwa au kitu ambacho hakitajengwa?"

"Ambacho hakitajengwa, mzee wangu. Kwa sasa."

"Basi mie sina ugomvi nacho."

Watu wakacheka, naye akacheka, na mkutano ukaishia hapo. Ripoti yake ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kumwona akiandika. Hakuna kuchimba, kwa hiyo hakuna vumbi. Hakuna magari ya mchanga, kwa hiyo hakuna kelele. Hakuna mti utakaokatwa. Hakuna athari kubwa. Muda ukatolewa.

Sasa nataka muelewe kwamba hakudanganya. Kila sentensi ilikuwa kweli. Nafikiri ndiyo maana ilimsumbua, kwa kuwa uongo angeweza kuutafuta akaufuta. Jioni moja tukiwa tunakunywa chai kwa jirani yake akanionyesha simu. Alikuwa anasoma habari za nchi za mbali, zenye mitambo mikubwa ya umeme wa nyuklia, na huko nako wenye mtambo huomba kuahirisha kuimarisha ulinzi, na wataalamu wa mazingira huandika kwamba kuahirisha hakuna athari. "Hata wao," alisema. Nilidhani atafarijika. Akazima simu, akaigeuza uso chini mezani. "Mwizi wa kwetu hataiba mionzi, bwana mdogo. Hajui hata kama ipo. Ataiba risasi, akauze kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu. Na mimi safu ya mwizi sina kwenye jedwali langu."

Wenye mali wakaomba muda tena. Safari hii akanipigia akasema twende Mtoni, lakini tusiingilie getini. Tukazunguka nyuma, kwenye uchochoro, na pale waya ulipokatika kulikuwa na njia iliyokanyagwa ikang'aa, watu wanakatisha uwanjani kwenda kwenye barabara ya Kilwa. Kando ya pengo lile mama lishe mmoja alikuwa na kibanda cha turubai. Ndoo yake ya maji ameifunika kwa bati la njano lenye alama nyeusi ya mapanga matatu kama ya feni. Marehemu akalitazama bati, akanitazama mimi, akasalimia.

"Mama, hiki kifuniko umekipata wapi?"

"Kilianguka pale kwenye waya. Si tangazo la mafeni? Nikasema hawa wenye mafeni wameshafilisika, ngoja kinisaidie. Wali au ugali, baba?"

"Siyo mafeni, mama. Ni onyo la mionzi." Akamweleza, polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Ndani ya stoo kuna nini, kikifunguliwa kinafanya nini kwa mwili wa mtu, kwa nini mtu haoni wala hasikii harufu. Mama akaacha kupepea moto. Akauliza kama watoto wanaokatisha kwenda shule wameshapata madhara. Marehemu akamwambia hapana, pamefungwa, amepima. Mama akasema, "Na wale wa vyuma wanaopita na mikokoteni?"

"Hao ndio naowaogopa."

"Ukuta mnajenga lini?"

Nimewahi kumwona akijibu mawakili. Siku hiyo alitazama buti zake. Akasema si yeye anayejenga. Mama akasema hajauliza nani, ameuliza lini. Kisha akamwita binti yake, wakaliinua benchi refu la wateja, wakalikokota mpaka katikati ya pengo, wakaliweka hapo, na masufuria nyuma yake. "Haya," akasema, akijifuta mikono kwenye khanga. "Tuone mwanamume atakayekanyaga mboga yangu. Na nyie kaeni mpate kula, msisimame kama wadai." Marehemu akamsihi aliondoe, akasema hiyo si kazi yake. "Ya nani sasa?" Tukakaa, tukala wali kwenye benchi lile, na yeye hakumaliza sahani.

Ripoti ya pili aliiandika upya. Aliongeza aya moja, kwamba kuchelewesha nako ni kitendo, na kwamba mabadiliko ya mahali pale yasipimwe kwa vumbi peke yake bali kwa anayeweza kuingia. Kijana mwenye ofisi iliyompa kazi hiyo akamwita. Marehemu alinisimulia bila hasira. "Aliniambia, braza, sie tunapima mazingira, hatupimi wezi. Hiyo aya ni ishu ya polisi." Aliombwa aitoe, akakataa, akaombwa atoe jina lake, akatoa. Ripoti ikasainiwa na mwingine, muda ukatolewa, na kazi kwake zikaanza kupungua mpaka zikakoma. Mke wake alikuwa mwalimu, hawakulala njaa. Lakini mtu aliyezoea kutoka na buti asubuhi akawa anashinda kibarazani na kanzu ya nyumbani, na kila Jumamosi anakwenda Mtoni kuangalia kama ukuta umeanza. Ukimwuliza alisema amekwenda kula.

Ninaandika haya wakati nchini kuna mazungumzo ya kuwa na umeme wa nyuklia wetu wenyewe. Mimi siyo mpinzani. Nimeishi kwenye vyumba vya giza vya kutosha kujua thamani ya balbu. Ninachokiogopa ni ile aya iliyotolewa. Tuna watu hodari wengi wa kupima kinachojengwa. Kisichojengwa hakina mtu wa kukipima, kwa kuwa hakitoi vumbi, hakipigi kelele, na wananchi wakiulizwa watacheka na kumaliza soda zao. Nami nilicheka siku ile.

Ibada ya kumuaga ilikuwa hapohapo Sinza, chini ya turubai, kisha gari likambeba kwenda kwao kwenye baridi. Mimi sikusafiri. Kesho yake nikashuka Mtoni. Waya ulikuwa vilevile, umechoka zaidi. Bati la njano limerudishwa juu kwa kamba ya katani, na chini yake benchi, na mama amezeeka kidogo. Akanitengea nafasi.

"Mwenzio hakuja Jumamosi. Mboga yake nilimwekea."

Nikamwambia. Aliweka mwiko chini, akakaa kwenye benchi upande wa pili, akalia kidogo kwa khanga mdomoni. Kisha akaniambia jambo nisilolijua. Mwanzoni mwa mwaka mjomba wake alimpatia nafasi sokoni, pana kivuli, pana wateja wa kweli. Hakwenda. "Yule baba aliniambia nenda, mama, nenda. Nikamwambia nikienda nani atakaa hapa? Akawa anakuja tu, anakaa. Nadhani alikuwa ananipokea zamu."

Kwa hiyo hili ndilo ninalowaachia, na si langu, nimeliokota kwenye benchi hilo. Kazi isipofanywa na mwenye wajibu, haibaki imelala inasubiri muda uongezwe. Inafanywa na mtu mwingine, ambaye hakuombwa, hakupewa taa wala lango, na jina lake halimo kwenye ripoti yoyote. Pale pengoni walikuwa wawili, mama na marehemu. Nilipoinuka kuondoka, mama alikuwa amekaa peke yake katikati ya pengo, na mwanamume mwenye mkokoteni alikuwa anakuja uchochoroni. Nikakaa tena.